Ungo wa Baba Mdogo

Nimeutundika stoo, nyuma ya mlango, pale nilipokuwa naning'iniza fagio. Nilisafiri nao kutoka Mikumi ndani ya mfuko wa salfeti, umelala mapajani njia nzima, na abiria wa pembeni akaniuliza kama ninauza dishi la televisheni. Nikamjibu ndiyo, ni dishi, kwa sababu nilikuwa natoka kuzika na sikuwa na nguvu ya kueleza. Kwenye ukingo wake bado kuna tope lililoganda miaka mingi. Nikipika maharage na mvuke ukajaa nyumba, lile tope hulowa na kutoa harufu, na harufu yenyewe ni ya kwetu Tindiga baada ya mafuriko. Ikinifikia naacha ninachofanya na kukaa chini. Sio huzuni sana. Ni uchovu tu, ule wa zamani, nadhani niliurithi kwa baba.

Wa rika langu mnaikumbuka habari ya mali ya Mjerumani. Kila kilima chenye msingi wa nyumba ya kale kilisemekana kina sanduku la rupia chini yake. Kule Mamboya, walikotoka babu zetu kabla hawajashuka bondeni kulima mpunga, haukupita msimu bila wageni kuja na ramani zilizofifia, kuzunguka karibu na kanisa la wamisionari, na kuondoka wakiacha mashimo yanayovunja miguu ya ng'ombe. Baba mdogo Elia, aliyefuatana na baba tumbo moja, aliupata ugonjwa huo akiwa kijana. Mgeni mmoja aliyekata tamaa alimwachia mashine yake ya kutafutia, na toka siku hiyo baba mdogo hakuwahi tena kupita juu ya ardhi bila kuwazia kilichomo.

Mashine ilikuwa na fimbo ya kushikia, kisanduku chenye mshale, na chini kabisa ile sahani inayopitishwa juu ya udongo. Watafutaji wengine walikuwa na sahani ndogo ya ukubwa wa bakuli la uji. Ya baba mdogo ilikuwa kubwa kama ungo wa kupepetea mpunga, plastiki nyeusi iliyoficha nyaya za shaba zilizozungushwa ndani, na sote nyumbani tukaiita ungo. Ndogo inaona vitu vidogo vilivyo juu juu, alitueleza, kubwa inaona vitu vikubwa vilivyozama. "Mimi sitafuti sindano," alikuwa akisema, na watu wakacheka, maana hata hiyo sindano hakuwahi kuipata. Kijijini walimtania kwamba Elia ndiye mchawi pekee anayetembea na ungo mchana kweupe, tena kwa miguu, kwa sababu umekataa kupaa. Yeye alicheka pamoja nao. Nilimpenda sana.

Mama alifariki nikiwa nimeanza tu shule. Tulimzika kwenye makaburi ya bondeni, ng'ambo ya mashamba. Kaburi lake lilizungushiwa matofali ya kuchoma na kuwekewa msalaba wa mbao, na baba akasema la saruji litajengwa mambo yakikaa sawa. Kwetu wachimbaji wakimaliza kufukia hukusanya zana zote na kuzihakiki, zikasafishwa nyumbani, halafu wao wenyewe hunawa kwenye beseni moja kabla ya kutia chochote mdomoni. Siku ile sururu ya baba haikuonekana. Ilikuwa sururu aliyokuwa nayo tangu ujana wake alipokuwa kibarua kwenye mkonge kule Rudewa, na shingoni aliitia mikato miwili ya msumeno ili isichanganywe na ya mtu.

"Elia, sururu yangu iko wapi?" baba akauliza, uani, mbele ya waombolezaji wote.

"Niliiweka pale kwenye udongo, kaka."

"Udongo gani? Si umeshaificha ukachimbie rupia zako Mamboya!"

Baba alikuwa hajalala tangu mama alipozidiwa, na leo najua kwamba mtu wa namna hiyo hutafuta cha kukasirikia ambacho kinaweza kujibu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baba mdogo alilitazama beseni, maji yametiwa tayari, wenzake wamechuchumaa wanamsubiri. Hakunawa. Alichukua shati lake lililokuwa juu ya kamba, akaondoka akiwa na udongo wa kaburi la mama mikononi. Baadaye tukasikia yuko Mikumi, anaziba pancha za malori kando ya barabara kuu, na jina lake likawa halitajwi kwetu.

Shangazi Tabitha, dada yao mkubwa, ndiye aliyehamia kutulea. Alikuwa mwema, ila mdomo wake haukuwa na mlango. Jioni moja nilimsikia akimwambia jirani, "Kama Elia hakuichukua, basi imo mle ndani. Na kama imo mle, Mungu atuhurumie, maana chuma kikilala na maiti humwita mwenye nacho." Mwenye nacho alikuwa baba. Sikumuuliza mtu. Nilianza tu kumchunguza baba akilala, kama anapumua.

Halafu mto Mkondoa ukafurika. Usifikiri maji, maji hupita na kwenda zake. Kilichotumaliza ni mchanga na tope vilivyobaki, vikapanda hadi mapajani mwa mtu mzima, na kila kitu kilichokuwa na mwinuko au shimo kikawa sawa na kingine. Makaburi ya bondeni yaligeuka uwanja mtupu. Yaliyojengewa kwa saruji yalichungulia vichwa. Msalaba wa mama ulikuwa umeondoka na mto.

Tungeweza kungoja, kama si lile tuta. Mtendaji wa kijiji aliita mkutano akaeleza kwamba litajengwa tuta refu la kuuzuia mto, na kwamba litapita hapo hapo juu ya makaburi. Kila ukoo uonyeshe watu wake kabla ya Ijumaa, nao watahamishiwa kwa heshima kule juu penye mwinuko. Mtu mmoja akauliza, na ambaye haonekani? Mtendaji alikuwa kijana muungwana. Alivua kofia kwanza. "Asiyeonekana, mzee wangu, tuta litapita juu yake." Mwisho wa bonde katapila lilikuwa limeshaanza kunguruma.

Baba akaanza kuchimba kwa kukisia. Alihesabu hatua kutoka kwenye mti uliokuwa umeng'oka, akachimba. Akajisahihisha, akachimba tena. Mashimo yalijaa maji kabla hajafika popote. Miche ya mpunga ilizeeka kitaluni bila kupandikizwa. Jioni alirudi akakaa kizingitini na tope lake, na mara mbili nilimwona akisinzia na tonge la ugali mkononi, halijafika mdomoni. Alikuwa amechoka hadi akawa hawezi tena kukasirika, na kwangu hilo lilitisha kuliko hasira. Nilijua kinachoendelea. Chuma kilikuwa kinamwita, naye alikuwa anakwenda, kidogo kidogo, kwa jembe lake mwenyewe.

Shangazi akapiga simu Mikumi bila kumwuliza mtu.

Baba mdogo alifika Jumatano asubuhi, nyuma ya bodaboda, fimbo ya mashine imechomoza kwenye salfeti. Nilimkimbilia. "Shikamoo, baba mdogo." "Marahaba, mama, umekua." Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mpira wa matairi, na nilipoiona niliamini ni ule udongo wa siku ile, kwamba hakuwahi kunawa kweli. Baba alikuwa amesimama na jembe begani. Kwa kawaida mdogo ndiye anayeanza salamu. Midomo ya baba mdogo ilicheza, lakini shikamoo haikutoka, na baba hakuwa na cha kuitikia. Wote wawili wakamgeukia shangazi.

"Dada, mwambie avue mkanda. Una chuma."

"Tabitha, mwulize itachukua muda gani."

"Mimi sio simu yenu!" shangazi akafoka. "Mke wa mtu amelala chini ya tope, nyie mnaringiana kama wari wa unyago. Semezaneni au nyamazeni, mimi sipeleki ujumbe."

Wakanyamaza.

Kabla ya kuanza, baba mdogo aliinua ule ungo juu na kuushusha karibu na ardhi, juu na chini, tena na tena, akigeuza kitufe hadi mlio ukafifia. Alisema anauzoesha udongo wa pale, ili baadaye usilie kwa sababu ya udongo wenyewe. Nilimwuliza mashine inatafuta nini hasa. Akanijibu kama anavyojibiwa mtoto: "Inatafuta kilichozikwa." Wakati huo huo baba akapita karibu kuchukua maji, mkanda wake bado kiunoni na jembe begani, na mashine ikapiga yowe.

Nilisubiri wote wapige kelele, lakini baba mdogo alipunguza tu sauti na shangazi akaendelea kufunga kanga. Nikamwomba anipitishie na mimi. Akacheka, akanipitishia toka kichwani hadi miguuni, na mashine haikusema kitu. Nilikuwa pekupeku, gauni langu limefungwa kwa kamba. Basi nikaelewa kila kitu. Mimi nitabaki. Baba ndiye anayezikwa.

Watu hudhani kazi ile ni ya bahati. Mimi niliiona, ni kazi ya bega. Ungo mdogo unaweza kuchezeshwa kama fagio, lakini ule mkubwa unavuta mkono, na ukiuinamisha au kuuharakisha hauambii ukweli. Lazima uende polepole, usawa wa kifundo cha mguu, mpito mmoja upande kidogo juu ya mwingine, kama mtu anayepaka sakafu kinyesi cha ng'ombe asiache mwanya. Baba mdogo alikuwa ameufungia mkanda begani, na mchana mkanda ulikuwa umemchuna. Shangazi akamkunjia kanga chini yake. Akafumba macho.

Na ulilia, jamani, ulilia sana. Mto ulikuwa umezika nyumba za watu. Ulipolia baba alisogea, akachimba, na kilichotoka kikawa bati. Wakafukia. Ukalia tena: sufuria lisilo na kitako. Rimu ya baiskeli. Bati. Kipande cha reli nyembamba za mkonge, sijui kilisafirije kutoka Rudewa hadi kwetu. Kila mara niliona uso wa baba ukiinuka na kushuka. Jumatano ikaisha hivyo. Usiku wale ndugu wawili walilala chumba kimoja wamepeana migongo, nami nikalala mlangoni kwa makusudi, ili baba akitaka kwenda anikanyage kwanza.

Alhamisi katapila lilikuwa limekaribia hadi tukawa tunamwona dereva wake akila muhogo. Baba na baba mdogo hawakuwa wanaongea bado, lakini kitu kilikuwa kimebadilika katika kazi. Baba mdogo alipotua mguu, baba alitua wake nyuma. Baba alipohema, baba mdogo alisimama bila kuambiwa. Nilikuja kusikia nikiwa mtu mzima kwamba walikuwa wakilima hivyo hivyo utotoni, mmoja anachimba na mwenzake anafukia, na labda miguu yao ilikumbuka.

Adhuhuri ungo ukalia tena, sauti nene, ya chini. Baba hakukimbilia. Alikuwa ameshalizoea bati. Alichimba taratibu akavuka mchanga, akafika kwenye udongo mweusi wa zamani, akachimba tena kidogo, jembe likagonga. Akaingiza mkono hadi begani na kuvuta. Ilikuwa sururu. Mpini ulikuwa umebaki kipande kilicholiwa na mchwa. Akaifuta shingoni kwa kidole gumba, na hata mimi niliyekuwa nimechuchumaa upande wa pili niliiona ile mikato miwili.

Alikaa chini pale pale kwenye tope.

"Niliiweka kwenye udongo, kaka," baba mdogo akasema. Yalikuwa maneno yale yale ya siku ile, na sauti ile ile.

"Wakaifukia pamoja na udongo."

"Nilikuambia."

"Uliniambia," baba akasema. "Uliniambia, Elia." Akaanza kulia, sio kwa kelele, machozi tu yanashuka mtu hana nguvu ya kuyafuta. Nadhani alikuwa analilia vyote kwa pamoja, mke na mdogo wake na ile miche kitaluni. Shangazi alishuka shimoni na kupapasa pembeni kwa mikono, akatoa tofali la kuchoma, na jingine limefuatana nalo. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyu, mke wa ndugu yangu. Mwiteni mtendaji."

Mimi nilikuwa na jambo langu. Nilimshika baba mdogo shati. "Mpitishie baba tena."

"Kwa nini, mama?"

"Mpitishie tu."

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alimwambia kaka yake avue mkanda na asimame. Baba, mtu mzima, amejaa tope na machozi, akasimama na kunyoosha mikono pembeni kama anayepimwa suti, na ungo ukampanda taratibu kutoka miguuni hadi kichwani. Haukulia. Ulishuka, haukulia. Hapo ndipo nilipolia mimi, kwa kelele, hadi dereva wa katapila akazima injini. Walidhani namlilia mama. Nilimlilia baadaye, kwa miaka mingi, lakini siku ile nilikuwa nalia kwa raha: kile kilichokuwa kinamwita kimetolewa, na baba yangu hafi.

Mama alihamishwa Ijumaa. Tuliporudi nyumbani shangazi alikuwa ameweka beseni uani. Baba aliisafisha sururu yeye mwenyewe, akaisugua kwa majani, akaiegemeza ukutani. Kisha akachuchumaa kando ya beseni, hakutia mikono. Baba mdogo alikuwa amesimama getini na salfeti lake, kama anayesubiri bodaboda.

"Elia," baba akasema, kwa ile sauti yake iliyochoka. "Njoo unawe."

Baba mdogo akaweka salfeti chini, akaja. "Shikamoo, kaka," akasema. "Marahaba." Walinawa pamoja, maji yakageuka tope, na hakuna aliyesema samahani. Kwetu ilikuwa imeshasemwa.

Hakuwahi kupata rupia hata moja. Aliendelea kuziba pancha, na Jumapili aliendelea kupanda milima na ungo wake hadi bega likamkataa. Mwezi uliopita akatuacha. Alikuwa amesema azikwe huko huko Mikumi, karibu na wanawe. Baba alisafiri kutoka Tindiga, sasa anatembea na mkongojo, na ingawa tulimwambia makaburini kuna zana za kutosha alikuja na beleshi lake mwenyewe, limefungwa kwenye gunia. Nilidhani ni uzee. Vijana walichimba, mchungaji akaomba, tukafukia. Baba aliomba aachwe asogeze udongo kidogo, na wakamwacha, kwa heshima. Malori yalipita barabarani muda wote.

Wakati wa kukusanya zana kijana mmoja akainua kichwa. "Beleshi moja halionekani."

Watu wakaanza kutazamana. Naujua mtazamo huo, niliuona nikiwa mtoto. Wawili wakaenda kwenye tuta la kaburi na kuanza kulichokonoa.

"Liacheni," baba akasema.

"Ni la nani, mzee?"

"Langu."

Mjomba mmoja, mtu mzima wa kule milimani, akamsogelea na kumwambia polepole, lakini nilisikia: "Mzee Yona, unajua mwenyewe. Chuma kikibaki mle, humwita mwenye nacho."

"Najua," baba akasema. "Liacheni hapo hapo. Siku mto ukifika huku mtampata kwa ungo wake." Akalitazama kaburi. "Na mimi akiniita, nimechoka, sitahangaika kuitafuta njia."

Nilikuwa nimesimama karibu naye, mtu mzima mwenye watoto wangu, na nikawa tena yule mtoto aliyelala mlangoni. Nilitaka kumwambia wachimbe, walitoe, waje na ungo wampitishie tena. Nilimtazama usoni. Hakuwa na hofu yoyote.

"Mwanangu," akaniambia, "beseni liko wapi?" Nikalileta. Akaegemeza mkongojo, akainama kwa shida, akanyoosha mikono yake yenye udongo, nami nikammiminia maji.